MLANGO WA MOKAMBO NA BUKARI YETU



Mtu akitaka kujua hali ya nyumba, hana haja ya kuingia ndani na kufungua masanduku. Na akae karibu na mlango tangu asubuhi hata jioni, atazame kinachotoka na kinachoingia. Akiona mbuzi wanatoka na maziwa yananunuliwa dukani, atajua mambo ya nyumba ile bila kuambiwa na mtu.

Nyumba yetu ni Katanga, na mmoja wa milango yake ni Mokambo.

Wengi wakisikia habari za mpaka hufikiri Kasumbalesa tu, kwa sababu ya foleni za malori na kelele zake. Lakini milango yetu ya kuingilia Zambia upande huu ni mitatu: Kasumbalesa unaotazama Chililabombwe, Mokambo unaotazama Mufulira, na Sakania unaotazama Ndola. Leo twataka kusema juu ya Mokambo. Pale mfuko wa unga juu ya baiskeli, ile tunayoiita kinga, hupita ubavuni mwa lori la kampuni, na mtu aweza kuviona vyote viwili kwa jicho moja.

KINACHOTOKA NA KINACHOINGIA

Katika milango hii mitatu hutoka shaba na kobalti. Huingia unga wa mahindi, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, vinywaji na saruji. Hata asidi ya kuyeyushia mawe katika viwanda vyetu vya shaba, sehemu yake imekuwa ikitoka Zambia. Kule Mufulira tanuru la shaba hutoa moshi wenye salfa. Zamani moshi ule ulikuwa ukiwakohoza watu wa mji, na sasa hukamatwa na kugeuzwa asidi. Chokaa nayo huchomwa upande wa Ndola, ikavushwa kuja kwetu. Basi jirani amejua kuuza unga wake, mawe yake, na hata moshi wake. Sisi twauza nini zaidi ya kile kilichochimbwa ardhini?

Hatusemi hivi kwa kumwonea wivu jirani. Twasema ili tujitazame.

Tuchukue hesabu. Mwaka 1960, mwaka wa uhuru, Union Minière ilitoa karibu tani 300,000 za shaba. Gécamines, iliyochukua nafasi yake mwaka 1967, ilifika karibu tani 476,000 mwaka 1986. Kisha mambo yakaanguka, hata katikati ya miaka ya 1990 Gécamines ilitoa kiasi cha tani 30,000 tu kwa mwaka. Mwaka 2023, makampuni yote pamoja yalitoa karibu tani milioni 2.8, na nchi yetu ikawa ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile.

Gawanya mwenyewe: tani milioni 2.8 ni zaidi ya mara tisa ya zile za mwaka wa uhuru. Sasa twauliza swali ambalo kila mama katika mji huu aweza kulijibu bila kalamu. Je, bukari katika sahani imeongezeka mara tisa? Je, imeongezeka hata mara moja?

Kama shaba imezidi hivyo na sahani ikabaki ilivyo, basi kuna jambo njiani. Twende tukaitazame njia yenyewe.

NJIA HII ILIFANYWA KWA AJILI GANI

Mpaka unaopita Mokambo ulikatwa na Wazungu mwaka 1894, kwa mapatano ya Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Walifuata kilele cha maji: mito inayoshuka upande huu ni ya huyu, inayoshuka upande ule ni ya yule. Balamba waliokuwa wakilima pande zote mbili hawakuulizwa. Mpaka leo Mulamba wa huku ana mjomba wake huko.

Reli ilikuja kutoka kusini. Ilifika mpakani, Sakania, mwishoni mwa mwaka 1909, ikafika Elisabethville mwaka 1910. Mwaka uliofuata, 1911, tanuru la Lubumbashi liliyeyusha shaba yake ya kwanza. Tazameni mpango wa mambo: reli kwanza, kisha tanuru, na mji ukakua kati ya hivyo viwili. Treni iliondoka na shaba. Iliporudi ilileta makaa ya mawe kutoka Wankie, na mahindi kutoka mashamba ya walowezi wa Rhodesia ili kuwalisha wafanyakazi. Hata wafanyakazi wengi wa miaka ile ya kwanza waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Ndiyo maana maneno mengi ya Kibemba yamo katika Kiswahili chetu cha Katanga.

Baadaye zilijengwa njia nyingine. Mwaka 1928 reli ilifika Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo. Mwaka 1931 iliungana na reli ya Benguela kwenda bandari ya Lobito. Vita ya Angola ilipoifunga njia ile mwaka 1975, shaba ilitafuta njia za kusini na mashariki. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 tangu Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976. Na sasa Lobito imeamka tena; tangu mwaka 2024 shaba ya Kolwezi imeanza kupita huko chini ya kampuni mpya, na wakubwa wa Marekani na Ulaya wanaizungumza njia hiyo kila mara.

Njia zote hizi ni kazi kubwa, na waliozijenga kwa jasho twawaheshimu. Lakini zisomeni kwenye ramani. Kila moja ilitumika kuitoa shaba kuelekea baharini. Hakuna hata moja iliyoanzia penye shamba la mahindi. Njia ni kama mfereji: maji huenda ulikochimbwa kuelekea. Mkulima wa kijiji cha ndani, katika eneo la Sakania au Kasenga, akivuna magunia ishirini, mvua hufunga njia yake kabla hajapata lori. Na huyu wa Lubumbashi huona ni rahisi kununua unga uliosagwa ng'ambo, kwa kuwa lami yafika huko. Basi watu husema Katanga hailimi kwa sababu watu wake ni wavivu. Uvivu gani? Mtu hulima palipo na njia ya kuuzia.

MAWE YALIYOMFUATA BWANA MKUBWA

Tunao mfano wa karibu na Mokambo. Lonshi ni mgodi ulio ndani ya nchi yetu, jirani kabisa na mpaka. Tangu mwaka 2001 kampuni ya First Quantum ilichimba mawe yenye shaba pale Lonshi, ikayapakia malorini, ikayavusha hadi kiwanda kilicho karibu na Ndola. Kiwanda hicho jina lake ni Bwana Mkubwa, nasi hatukulitunga. Kwa miaka kadhaa shimo lilikuwa kwetu na kiwanda kilikuwa kwao. Aliyechimba alipata mshahara wa kuchimba. Fundi wa kiwanda, mtu wa umeme, karani wa hesabu na mwenye duka linalouza mkate langoni mwa kiwanda, wote walikuwa upande wa pili.

Kampuni ilifanya hesabu yake: kiwanda kilikuwepo tayari Bwana Mkubwa, na umeme na barabara vilikuwepo. Hesabu ile haikuwa na kosa. Lakini yatufunza kwamba mali huenda mahali palipotayarishwa. Asiyetayarisha mahali hubaki na shimo.

AGOSTI 2024

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka vizuri.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua iliikataa Zambia. Serikali yake ilitangaza mwezi Februari kwamba ukame ule ni msiba wa taifa. Mavuno ya mahindi, ambayo mwaka 2023 yalipita tani milioni 3, yalianguka hadi kiasi cha tani milioni 1.5. Jirani aliyepungukiwa chakula hufunga ghala lake kwanza, na hakuna wa kumlaumu. Lakini sisi tusiokuwa na ghala tulihisi ukame wa nchi nyingine katika vyungu vyetu wenyewe.

Kisha ukaja ugomvi wa vinywaji. Serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza bia na soda, ili kuvilinda viwanda vya nchini. Wenye kusafirisha bidhaa hizo walinung'unika, na kukawa na fujo Kasumbalesa. Mwezi Agosti 2024 Zambia ilifunga milango yote mitatu kwa siku chache: Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Wakubwa walikutana, wakapatana, milango ikafunguliwa.

Siku chache tu! Lakini ni nani aliyeumia siku zile? Shaba iliyokuwa imesimama foleni haikuoza. Tani ya shaba ya Jumatatu ni tani ile ile ya Alhamisi. Nyanya ya mama hungoja siku mbili, ya tatu hutupwa. Mwenye kinga asiyevusha leo, halali na kitu leo. Na mfanyakazi wa mgodini, ambaye mshahara wake ulikwisha kuhesabiwa mwezi mzima mapema, alikuta unga umepanda bei na mshahara umebaki pale pale.

Jambo hili si jipya katika mji huu. Desemba 1941, bei za vitu zilipopanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa Elisabethville wakidai mshahara unaotosha kula. Walijibiwa kwa risasi, na wengi walikufa. Tangu siku zile kila mfanyakazi wa Katanga ajua kwamba mshahara haupimwi kwa franka wala kwa dola. Hupimwa kwa unga. Na mtu asiyeushika unga wake mkononi, mshahara wake waweza kukatwa na mvua ya nchi nyingine, au na kufuli la mlango, bila tajiri wake kutia mkono.

Zamani kampuni ilitoa posho. Union Minière iliwagawia wafanyakazi wake chakula, na baadaye Gécamines iliendelea kuwagawia unga, hata ikawa na mashamba yake. Baba alileta mfuko nyumbani asijue umepita mpaka gani. Gécamines ilipoanguka, posho ilikwisha, na karibu na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa malipo ya mara moja. Kazi ya kuleta unga, iliyokuwa ya kampuni, ikahamia kichwani mwa mama na juu ya kinga ya kijana. Basi wale tunaowaona Mokambo wakivusha mifuko ndio wanaobeba mzigo ambao zamani ulibebwa na kampuni kubwa kuliko zote katika nchi.

JIRANI NAYE ANATUHITAJI

Kuna watu wasemao: tufunge sisi pia, tuwatie adabu. Twawaomba watazame ramani kidogo.

Mpaka ule wa mwaka 1894 uliacha kipande cha nchi yetu kikiingia ndani ya Zambia kama mguu. Mtu wa Mufulira akitaka kwenda Mansa, katika mkoa wa Luapula wa nchi yake mwenyewe, njia ya karibu ni kupitia Mokambo, kukata nchi ya Kongo kiasi cha kilomita 70, na kutokea mtoni Luapula, Chembe. Zamani alivuka mto kwa pantoni. Tangu mwaka 2008 liko daraja, lililopewa jina la Levy Mwanawasa. Akikataa njia hiyo, atazunguka mamia ya kilomita. Kwa sababu hiyo serikali ya Zambia ilikubali kuingia gharama ya barabara hiyo, ingawa udongo wake ni wa Kongo.

Hapo Mokambo, basi, mambo yako sawa sawa kama mizani. Mkongomani apita nchi ya Zambia ili apate unga na kuifikia bahari. Mzambia apita nchi ya Kongo ili afike kwa ndugu yake. Kila mmoja ameshika ufunguo wa mwenzake. Watu wa namna hiyo hawana budi kusemezana. Kufungiana milango ni sawa na mtu kujifungia nje ya nyumba yake.

TUNAYOYATAKA

Hatupendi kulia tu. Twataka mambo manne, na yote yawezekana.

La kwanza. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 imesema wazi namna ya kugawa mrabaha wa madini: mia kwa hamsini ni ya serikali kuu, ishirini na tano ni ya jimbo, kumi na tano ni ya tarafa na mitaa ambamo mgodi umo, na kumi ni akiba ya vizazi vijavyo. Hiyo kumi na tano ni fedha ya watu wa mahali. Twataka sehemu yake itengeneze njia za vijijini, ndogo zisizopigwa picha na wakubwa: madaraja ya miti yawe ya saruji, mifereji izibuliwe, ghala lijengwe penye soko. Wakaaji waulize kila mwaka: fedha imeingia ngapi, imefanya nini? Hesabu ibandikwe ukutani.

La pili. Makampuni yanawalisha maelfu ya watu katika kambi zao kila siku. Yanunue kwanza mahindi, maharage na mboga za wakulima wa hapa, kwa mkataba unaojulikana kabla ya kupanda. Mkulima aliye na mnunuzi wa hakika atalima bila kuhimizwa. Ninyi mlio katika vyama vya wafanyakazi, mkikaa mezani na matajiri, lisemeni jambo hili pamoja na lile la mshahara, kwa maana ni jambo moja.

La tatu. Mfanyabiashara mdogo aheshimiwe mpakani. COMESA, ambayo nchi yetu na Zambia zote ni wanachama wake, ina utaratibu wa biashara ndogo: orodha ya bidhaa zinazojulikana na karatasi rahisi, ili mama mwenye mzigo mdogo asitendewe kama mwenye lori. Tena tangu mwaka 2022 tumeingia pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya zisiwe za kutiwa saini katika mahoteli tu. Bei ya kila ushuru iandikwe ubaoni, kwa Kiswahili, Kibemba na Kifaransa. Anayelipa apewe stakabadhi. Asiyetoa stakabadhi asipewe fedha. Kwa mwenye kinga, fedha ndogo inayodaiwa mara tano njiani ni kubwa kuliko ushuru wa halali unaolipwa mara moja.

La nne latuhusu sisi wenyewe. Kila kiwanja cha nyuma ya nyumba na kila bonde la karibu na mji livute jembe. Bustani haiwezi kulisha Lubumbashi yote, lakini itampa mtu juma moja la kungojea mlango unapofungwa. Wala tusimtukane Mzambia sokoni wakati unga umepanda. Yeye hakuuondoa mfuko wetu jikoni. Alilima, akauza alichozidisha. Nasi tulizidisha shaba tukaagiza chakula.

Ndugu, shaba ni mali, nasi hatusemi iachwe ardhini. Lakini shaba haina masika. Ikitolewa leo, kesho hairudi kuota. Mahindi hurudi kila mwaka kwa anayeyatunza. Wenye akili hutumia kile kisichorudi ili kutengeneza kile kinachorudi: njia, ghala, shule, kinu cha kusaga. Mwenye kula vyote viwili atabaki na mashimo, na mashimo hayapikwi.

Basi mpitapo Mokambo, tazameni mizigo. Siku mtakapoona lori limerudi na mashine za kusagia badala ya unga uliosagwa, jueni kwamba jambo limeanza. Siku mtakapoona mama wa Kongo anavusha unga wa Katanga kwenda kuuza soko la Mufulira, mwaka ambao mvua imemkataa jirani, jueni kwamba tumekuwa watu wa kusaidiana, mkono kwa mkono. Hadi siku hiyo ifike, tusichoke kuuliza, wala tusichoke kulima.